Pafu la Gari la Siwema

Gari la Siwema liliingia gerejini likivutwa na trekta la maziwa. Lugano alipoliona getini aliweka spana chini na kufuta mikono kwenye kanga aliyojifunga juu ya ovaroli. Alikuwa amelitengeneza wiki iliyopita, na wiki ya kabla ya hiyo, na kabla ya hapo pia.

"Usiniangalie hivyo, fundi," Siwema alisema akishuka. Unga wa ngano ulikuwa bado umemganda kwenye viwiko. "Mikate imepoa humo ndani na wateja wameshanunua kwa mwingine. Leo uniambie ukweli. Unaniwekea mapafu ya marehemu?"

"Nilikuwekea pafu jipya. Uliniona nikilitoa kwenye boksi."

"Basi nimerogwa."

"Nipe ufunguo," Lugano alisema.

Magari yote ya mji wa Kabembe yalikuwa ya aina moja. Yalikula vipande vya alumini na kuvuta hewa. Alumini na hewa vilipokutana ndani ya maji makali ya magadi, umeme ukazaliwa, magurudumu yakazunguka. Kifaa cha kuvutia hewa kilikaa chini ya boneti, utando mweusi uliokunjwakunjwa ndani ya fremu, na kwa kuwa kilipanuka na kunywea, watu walikiita pafu. Hata gari likizimwa, pafu liliendelea kupumua polepole ili maji yasigande kwa baridi ya mlimani. Pafu zuri lilidumu miaka. Mapafu ya Siwema hayakumaliza mwezi.

Lugano alilifungua lile pafu juu ya meza. Aliyoyaona aliyatarajia: ukoko mweupe umejaa kwenye kila kinyweleo cha utando, kama ule unaobaki kwenye birika la maji ya chumvi. Aliukwangua kwa ukucha. Alishabadilisha utando, gasketi, feni na maji yenyewe. Aliwahi hata kung'oa pafu zima kwenye gari la posta lililokuwa halina kasoro, akalifunga kwa Siwema, nalo likafa vilevile.

Alilisukuma pafu pembeni. Kisha alivua ufunguo wa gari lake kwenye mshipi.

"Chukua la kwangu. Hili nitaliwekea pafu jipya, litalala kwangu."

"Halafu?"

"Halafu tutajua nani mgonjwa."

*

Nyumba ya Lugano ilikuwa juu kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo upepo haukuwahi kupumzika. Gari la Siwema lililala pale, likapanda na kushuka, likabeba vyuma na wateja, na kila Lugano alipofungua boneti alikuta pafu jeusi, safi. Kisha asubuhi moja Siwema alirudi na lile la Lugano likikoroma kama mzee mwenye pumu. Lugano alilifungua hapohapo getini. Lilikuwa jeupe.

"Unalilaza wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Machimboni."

Machimboni palikuwa shimo la zamani walikochonga mawe ya kujengea Kituo cha pampu. Mawe yalipokwisha, zikajengwa nyumba chache humo ndani, wakapewa watu wa delta ya Rufiji ambao bahari ilikuwa imemeza mashamba yao ya mpunga. Nyumba ya Siwema ilikuwa ya chini kabisa, imegusana na ukuta wa mwamba.

Kesho yake Lugano aliteremka huko jua likiwa bado halijafika shimoni. Mume wa Siwema, Kondo, seremala mrefu mwenye mabega ya kuinama, alikuwa amekaa kizingitini akisuka ukindu kwenye kiti, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Karibu fundi. Umekuja kumwona mgonjwa wako nyumbani kwake?"

"Naona na wewe unaumwa."

"Kichwa tu. Kila asubuhi hivi, jua likipanda kinaacha." Alicheka. "Hilo gari lako ndilo linalotuumiza. Kila alfajiri halina nguvu ya kupanda ule mteremko. Mtaa mzima tunaamka kulisukuma, mimi, jirani yangu Tatu na watoto wake pacha, wale ndio wanapenda kweli. Tukishalifikisha barabarani, nani atarudi kulala? Tunakaa hukohuko juu tunakunywa chai mpaka jua litoke."

Ndani, Lugano aliona jiko la mkaa limewekwa juu ya meza, na sufuria juu yake ikikaribia kugusa paa.

"Mbona jiko mmelipandisha?"

"Chini haliwaki asubuhi. Unapuliza mpaka unaona nyota. Juu ya meza linashika vizuri." Kondo aliinua mabega. "Mkaa wa mlimani mbichi, nadhani. Mama ndiye aliyegundua, Mungu amrehemu."

"Bi Mwanaidi? Sikujua. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Alikufa kifo kizuri, fundi. Mgongo ulikuwa unamsumbua, hakutaka kitanda, tukamtandikia godoro sakafuni. Alilala, hakuamka. Hata shuka halikuvurugika. Nani asiyeomba kifo hicho?"

Lugano alitazama sakafu. Alikwenda kwenye banda la gari lililochongwa ndani ya mwamba. Alichutama, akawasha njiti ya kiberiti. Iliwaka vizuri usawa wa uso wake. Akaishusha polepole. Ilipofika usawa wa magoti, moto ulizimika. Haukuyumba kama unapopulizwa. Ulizimika kama umetumbukizwa majini.

Akawasha nyingine. Ikawa vilevile.

Kondo, mlangoni, alikuwa anavuta uzi wa ukindu kwa meno. Hakuona. Lugano alisimama haraka, kizunguzungu kikampata, akashika ukuta. Alisema anakwenda kutafuta kifaa, akaondoka.

*

Kila mtu Kabembe alijua kilichokuwa chini ya miguu yao, kama watu wa pwani wanavyojua bahari ipo. Mataifa yaliyochoma makaa na mafuta kwa vizazi vingi yalikuwa yanakusanya moshi wao, yanauchuja, na kuuleta kwa mabomba mpaka nyanda za juu, ambako mwamba mweusi wa volkano ulikuwa na tabia ya kuimeza hewa ukaa na kuigeuza jiwe. Visima vya Kituo viliishindilia chini kwa presha, ikiwa imechanganywa na maji. Kama malipo, wakimbizi wa bahari walipewa ardhi, nyumba, shule na zahanati. Katika mkataba kulikuwa na kifungu kimoja ambacho hata watoto walikijua: visima vikivuja, vinafungwa, na wakimbizi wanairudisha ardhi.

Gwakisa, mdogo wake Lugano, ndiye aliyekuwa msimamizi wa presha. Lugano alimlea baada ya wazazi kufariki na kumsomesha kwa gereji ileile. Alimkuta kwenye chumba cha pampu amesimama mbele ya geji.

"Machimboni mwamba umepasuka," Lugano alisema. "Hewa inatoka."

Gwakisa hakushtuka. Alitembea mpaka mlangoni, akaufunga.

"Nani mwingine anajua?"

"Kumbe ulijua!"

"Nilihisi tangu mvua za masika. Dada, kaa."

"Sikai. Kuna mama amekufa kule, Gwakisa. Walimlaza sakafuni."

Hapo uso wake ulibadilika. Alikaa yeye, akaweka viganja juu ya magoti. "Sikujua hilo. Naapa sikujua." Pampu zilinguruma ukutani. "Nisikilize. Hewa hii ni nzito. Inatulia chini kama maji, haijawahi kuvuka magoti. Anayelala kitandani hadhuriki. Na nimeshapata dawa yake. Nitashusha presha kwenye kisima cha upande ule, ufa ufunge. Jumamosi kila kitu kitakuwa kimekwisha."

"Waambie watu watoke leo."

"Nikitoa tangazo, kesho visima vinafungwa. Unajua wanapelekwa wapi? Wewe ulikuwepo walipofika." Sauti yake ilipungua. "Ulibeba mtoto aliyekufa kutoka kwenye lori, dada. Kwa mikono yako. Waliishi kwenye mahema yale ya pwani, kwenye tope na kipindupindu. Unataka kuwarudisha maelfu ya watu huko kwa ajili ya ufa ambao nitauziba?"

Lugano alikumbuka uzito wa mtoto yule. Ulikuwa mdogo kuliko wa pafu la gari.

"Wale wa Machimboni je?"

"Waite kwako, walale mpaka Jumamosi. Ila usitaje hewa. Ukimwambia mmoja, jioni soko zima limejua." Alisita. "Na lile gari la mikate. Watu wameanza kuuliza mbona linakufakufa. Litulize."

*

Alilituliza. Alichukua kopo la bati, akalijaza chembe za chokaa, akalifunga kwenye mdomo wa pafu ili hewa ipite humo kwanza. Chokaa ingekamata ile hewa mbaya na kuacha iliyo safi, na ukoko ungeota ndani ya kopo badala ya kwenye utando. Ilikuwa kazi nzuri. Alipowasha gari, pafu lilivuta pumzi ndefu, laini, na kwa muda mfupi fundi ndani yake alifurahi.

Alilipeleka mwenyewe Machimboni. Siwema aliendesha kuzunguka nyumba, akapiga honi, akacheka, pacha wa Tatu wakimfuata mbio. Lugano alimsogelea Kondo.

"Njooni mlale kwangu mpaka Jumamosi. Nyinyi, na Tatu na wanawe. Nafasi ipo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Huku kuna unyevu, na wewe kichwa kinakuuma."

Kondo alitabasamu kwa adabu. "Ahsante, fundi. Lakini Jumamosi ndiyo arobaini ya mama. Kaburi lake lile pale nyuma. Watu watakuja, kuna nafaka ya kuchambua, kuna turubai la kufunga. Nitaiachaje nyumba ya msiba tupu nikalale mlimani?" Alimtazama vizuri. "Kama kuna sababu, niambie. Mimi si mtoto."

Lugano alifungua mdomo. Njia ilikuwa fupi mno: njiti moja ya kiberiti mfukoni, hatua chache hadi bandani, na mtu huyu angeelewa bila maneno. Akilini aliuona uso wa Gwakisa, akayaona malori yakipakia watu. Magoti tu, alijiambia. Na hawa wana vitanda.

"Sina sababu. Ni wasiwasi wangu tu."

"Basi wasiwasi uuache hapa, tutauangalia," Kondo alisema, na wote wawili wakacheka.

Kabla ya kuondoka Lugano alimwita Tatu pembeni, mwanamke mfupi aliyekuwa anaanua nguo. "Watoto wanalala kitandani?"

"Wanalala kitandani. Kwa nini, fundi?"

"Sakafu ina baridi. Wasilale chini."

"Hawalali chini," Tatu alisema, akamtazama kwa mshangao mpaka alipotokomea.

*

Ijumaa kulipambazuka kimya. Hata kule juu kwa Lugano majani hayakutikisika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji kama shuka. Alikuwa ameteremka sokoni kununua ndizi alipoliona gari la Siwema likifika mapema kuliko kawaida, pafu likivuma vizuri, mikate ikitoa mvuke.

"Fundi! Mkono wako ubarikiwe," Siwema alisema akishuka. "Limepanda mteremko lenyewe kama mbuzi."

Lugano alitazama ndani ya gari, kisha barabara nyuma yake. "Kondo yuko wapi? Na wengine?"

"Nani wa kusukuma sasa? Nimewaacha wamelala, maskini. Kondo alitaka kuamka, nikamwambia lala, leo pumzika kama watu wengine. Nimemfunika vizuri."

Mkungu wa ndizi ulianguka. "Geuza gari," Lugano alisema. "Geuza, Siwema, geuza!"

Walifika ukingoni mwa shimo. Ukungu ulikuwa umejaa humo mpaka kwenye mabati ya nyumba, umetulia, bila hata mkunjo. Hakuna jogoo aliyewika. Kwenye mteremko, chini kidogo ya barabara, mbwa wa Tatu alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka kama aliyekuwa bado anakimbia.

Siwema alifungua mlango. Lugano alimkumbatia kwa nyuma kabla hajapiga hatua ya pili.

"Niache!"

"Ukishuka hutarudi. Ni hewa. Imejaa. Ukivuta mara mbili umeanguka."

"Mume wangu yuko kule! Kondo! Kondooo!"

Alipiga teke, akamng'ata Lugano mkononi mpaka damu ikatoka. Lugano hakumwachia. Walianguka wote kwenye majani yenye umande, wakabaki hapo wameng'ang'aniana, Siwema akiita jina la mumewe, kisha la Tatu, kisha la pacha mmojammoja. Shimo halikujibu.

Baadaye sauti ilimkauka. Akageuza uso, karibu kabisa na wa Lugano.

"Umejuaje kama ni hewa?"

Lugano alimweleza. Njiti, Gwakisa, Jumamosi. Kila neno lilitoka kama kitu alichokuwa anakitapika. Siwema aliacha kupambana. Ulegevu ule ulimtisha Lugano kuliko meno.

Upepo ulikuja jua lilipopanda vizuri. Ukungu ukachanika, na watu wa zahanati waliokuwa wameitwa wakateremka na mitungi ya hewa safi mgongoni. Kondo walimkuta kitandani, shuka likiwa bado limefika kidevuni. Tatu alikuwa kizingitini kwake, pacha mmoja mgongoni, mwingine amemshika kwa mkono. Alikuwa ameamka. Alikuwa ameufikia mlango.

*

Gwakisa alikuja Machimboni akikimbia kwa miguu. Alipomwona dada yake alisimama mbali.

"Nilishusha presha," alisema. "Jana jioni. Hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ikachemka yote kwa pamoja, kama soda inapofunguliwa. Nilidhani ufa utafunga. Dada, nilidhani utafunga." Alirudia hivyo hivyo mpaka mtu mmoja akamwondoa.

Wakaguzi walifika, wakakutanisha watu uwanja wa mpira. Mkuu wao, mwanamama mwenye sauti ya upole, aliuliza kama kuna aliyejua kabla. Gwakisa alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa. Wafanyakazi wa Kituo walikuwa wameshasema maneno yao: mtetemo wa ardhi, kitu kisichotabirika. Kama Lugano angenyamaza, mji ungebaki. Wangefunga kisima kimoja, Machimboni pangefukiwa, na maisha yangeendelea juu ya mwamba uleule.

Alisimama.

"Mimi nilijua," alisema. "Na mdogo wangu alijua. Na mahali pengine panaweza kuwa panavuja hivihivi, kwa sababu hatukutaka mtu aangalie."

Kisha mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti: "Ulinyamaza walipokuwa hai, unasema sasa ili tukose na nyumba?" Wengi wakaitikia. Jiwe lilitua karibu na mguu wake. Gwakisa aliinua uso na kumtazama, hakukuwa na hasira humo, uchovu tu, kisha askari wawili wakamshika Gwakisa mikono, wakaondoka naye.

Visima vilizimwa wiki hiyo. Wapimaji walipopita na vifaa vyao walikuta nyufa nyingine mbili, moja chini ya shule. Hakuna aliyekuja kumshukuru Lugano kwa hilo. Malori yalianza kupakia magodoro na masufuria, na wanawake waliopita mbele ya gereji waligeuza nyuso upande wa pili.

Naye Lugano alikuwa anasubiri zamu yake ya kuhojiwa. Haikumshangaza kusikia malori, lakini alishtuka kuliona gari la mikate likiingia getini, limesheheni mpaka juu, viti vya ukindu vimefungwa kwa kamba kwenye paa.

Siwema alishuka. Alikuwa amevaa kaniki ya eda, uso umenywea.

"Safari ni ndefu," alisema. "Kule hakuna fundi wa mapafu. Nimeuliza."

"Nitalikagua. Nitabadilisha kila kitu, sitaki—"

"Hapana. Wewe usiliguse. Nifundishe mimi."

Lugano aliiweka spana mezani, Siwema akaichukua. Lugano alimwelekeza kwa maneno tu, mikono nyuma: boliti ipi kwanza, jinsi ya kuinua fremu bila kuchana utando, jinsi ya kumwaga maji makali bila kujiunguza, chokaa ibadilishwe ikianza kuwa ngumu. Mara mbili Siwema alikosea, akafungua upya bila kuomba msaada. Kidole kilichanika, akakifuta kwenye kaniki na kuendelea. Nje honi za malori zilikuwa zinaita.

"Nikilisikia linakoroma?"

"Simama hapohapo. Shuka, panda mahali pa juu, wewe na kila uliye naye. Kagua pafu baadaye."

Siwema aliitikia kwa kichwa polepole kama anayehifadhi aya. Alifunga boneti, akaibonyeza kwa viganja vyote viwili mpaka ikashika. Akawasha. Pafu lilivuta hewa, likatulia.

"Spana hii naondoka nayo," alisema kupitia dirishani.

"Chukua."

Aligeuza gari, akatoka getini, akajiunga na msururu wa malori yaliyokuwa yanateremka kuelekea pwani. Lugano alibaki amesimama mpaka vumbi lilipotua. Kisha alifunga gereji na kuketi nje, kuwasubiri askari.